Tuusome Ukoko Kabla ya Kuukwangua

Kila siku pikipiki hupanda kutoka mji wa Morogoro, ulio mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi vijiji vya Mgeta katika milima ya Uluguru, vilivyo juu ya mita 1,000. Hushuka na kabichi na viazi. Injini zake zinapofumuliwa, aghalabu fundi hukuta ukoko mweusi juu ya pistoni na kwenye valvu. Akiukwangua kwa bisibisi na kuifunga injini bila kuuliza ulikotoka, ukoko hurudi, na mwenye pikipiki hulipa tena.

Ukoko huo ni mabaki ya petroli au oili iliyoungua bila kukamilika, nao hueleza ugonjwa wa injini. Masizi makavu na laini huashiria petroli nyingi kuliko hewa: pengine chujio limezibwa na vumbi. Tena milimani hewa ni nyepesi, wala kabureta ya kawaida haipunguzi petroli kwa kadiri hiyo. Ukoko mzito uliolowa oili huashiria ringi zilizochakaa, au oili inayopenya kando ya mashina ya valvu. Bisibisi haitibu hata sababu moja kati ya hizo. Zaidi ya hayo, chuma hukwaruza alumini ya pistoni. Heri kulainisha ukoko kwa mafuta ya taa, mbali na moto, na kutumia kijiti kigumu cha mwanzi.

Madhara yake yapimika kwa hesabu. Tuseme injini ina ujazo wa sentimita 125 za ujazo na uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1. Nafasi inayobaki pistoni ifikapo juu ni takriban sentimita 15.6 za ujazo. Ukoko ukijaza sentimita 1 tu ya ujazo, uwiano hupanda hadi 9.5. Joto huzidi, na injini huweza kuanza kugonga.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa kemia na fizikia waombe gereji pistoni kuukuu ambazo hazijasafishwa. Wanafunzi waandike rangi, unene na unyevu wa ukoko, kisha wataje sababu. Hatimaye fundi aalikwe darasani aseme nani amepatia. Mwanafunzi atauona mwako usiokamilika kwa macho yake, naye fundi atarudi gerejini na swali jipya la kuuliza kabla ya kushika bisibisi.