Nani Anamlipa Fundi wa Waranti?

Ukiingia kwa muuzaji wa magari huko Marekani, macho huvutwa na magari mapya yanayong'aa nyuma ya vioo. Faida nono iko uani, kwenye gereji. Kwa miaka mingi kabla ya UVIKO-19, sevisi na vipuri vilileta takriban sehemu moja tu ya nane ya mauzo ya muuzaji wa kawaida, lakini vikabeba karibu nusu ya faida ghafi. Bei ya gari jipya wateja huipigania mpaka kinachobaki ni kidogo. Pesa ya ufundi haipiganiwi hivyo.

Gereji hiyo ina walipaji wawili wakubwa. Wa kwanza ni mwenye gari, anayetoa mfukoni. Wa pili ni kiwanda, kinachogharamia ubovu unaojitokeza ndani ya muda wa waranti, pamoja na magari yanayorudishwa kwa kasoro za kiwandani. Mwenye gari haoni ankara, akadhani hakuna hesabu. Hesabu ipo: muuzaji hupeleka madai kiwandani, na kiwanda hulipa kwa kufuata kitabu chake cha saa, kila kazi na muda wake.

Hapo ndipo penye kidonda. Mafundi wengi wa gereji hizi hawalipwi kwa saa walizoshinda kazini. Hulipwa saa zilizoandikiwa kazi. Tuseme kazi imeandikiwa saa 3. Boliti ikashika kutu, fundi akahangaika saa 5, ujira wake ni wa saa 3. Kazi hiyohiyo akiletewa na mteja anayejilipia, gereji huhesabu kwa kitabu kingine, ambacho aghalabu kina saa nyingi zaidi. Mikono ni ileile, boliti ni ileile, ujira haulingani.

Sasa mfikirie mwenye gari anayelalamikia mlio unaosikika alfajiri tu, injini ikiwa baridi. Kuusaka mlio huo kunataka gari lilale gereji, lijaribiwe, lifunguliwe, lifungwe tena. Muda wa kusaka mara nyingi kitabu hakiuhesabu, au huuhesabia kidogo mno. Fundi mwenye kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha atakimbilia breki za mteja anayejilipia, na mwenye mlio atarudishiwa gari na karatasi inayosema tatizo halikuonekana. Simlaumu fundi huyo. Nawalaumu waliopanga malipo yake.

Majimbo mengi ya Marekani yana sheria zinazokilazimisha kiwanda kumlipa muuzaji bei ya saa inayolingana na anayotozwa mteja wa kawaida. Ni nusu ya dawa, maana bei ya saa ikipanda na saa zenyewe zikabaki chache, fundi bado amepunjika. Illinois ilikwenda mbali zaidi: tangu 2022 sheria yake inagusa hata idadi ya saa. Viwanda hupinga sheria za namna hii kwa hoja kwamba gharama itaishia kwenye bei ya gari. Hoja hiyo ina uzito, lakini mnunuzi alikwishailipia waranti siku aliponunua gari, kwa kuwa gharama yake imo ndani ya bei. Anachodai ni kazi aliyoilipia. Mimi nipo upande wa Illinois.

Siko upande wa wauzaji katika kila jambo. Wapo wanaomtisha mteja kwamba akibadilisha oili kwa fundi wa mtaani, waranti imekufa. Marekani ilizuia masharti ya namna hiyo kwa sheria ya 1975. Afrika Kusini, miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza kutumika Julai 2021 inamruhusu mwenye gari kwenda gereji huru bila kupoteza waranti yote.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi hununua gari lililokwishatumika Japani, waranti yake imekwisha zamani, na bei ya ufundi hupatanwa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, gari likiwa limefunguliwa boneti. Lakini mashirika, serikali na wenye uwezo hununua magari mapya, na wakala huwatajia miaka ya waranti kama kivutio. Kabla ya kusaini, mnunuzi amuulize wakala fundi wake analipwa mshahara au analipwa kwa kazi, na saa za kusaka ubovu zinalipwa na nani.