Majibu ya vipimo vya mama yasifunguliwe na mtoto

Mtoto wa darasa la saba anawasha kompyuta ya sebuleni kutafuta mtihani wa majaribio. Anakutana na majibu ya kipimo cha VVU cha mama yake. Hakupekua. Nyumba nzima inatumia akaunti moja isiyo na neno la siri.

Hilo linaweza kutokea Mbagala, Tandika au Tegeta. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze siri ya aliyepimwa. Majibu yakishafika nyumbani, ulinzi ni wa familia.

Hatua ya kwanza haina gharama: kila mtu afunguliwe akaunti yake, yenye neno la siri. Kwa kompyuta moja, hiyo inatosha.

Zikiwa mbili au tatu, familia inaweza kufanya kompyuta ya zamani kuwa seva. Inawekewa Linux na programu ya Samba, zote za bure. Seva hutunza majina, maneno ya siri na mafaili ya kila mmoja. Mama akiingia kwa jina lake, sebuleni au chumbani, anakuta kazi zake. Ikishawekwa, haili bando. Kompyuta zinawasiliana kupitia ruta ya ndani.

Kabla ya kumwita fundi, yapo ya kujua. Windows Home haijiungi na mfumo huu, inahitajika Pro. Saa za kompyuta zikipishana zaidi ya dakika tano, seva inaweza kumkataa mtu mwenye neno la siri sahihi. Kompyuta ya mtumba yenye betri ndogo iliyokufa hupoteza saa kila umeme ukikatika. Basi kabla ya kumlaumu mtoto kwamba amesahau neno la siri, tazama saa. Pia seva si akiba: diski ikifa, mafaili ya wote yanapotea. Nakala ziwekwe kwenye diski nyingine.

Kubwa zaidi, msimamizi wa seva anaweza kufungua mafaili ya wote. Akiwa baba, mama aelezwe hivyo mapema, na nyaraka zake za hospitali azifunge kwa neno la siri jingine analolijua yeye peke yake. Mazungumzo hayo yafanyike kabla seva haijawashwa.