Vioo vya Monir si Pambo la Ukuta

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wakubwa, ambao kwao picha ikishatolewa kwenye fremu yake na kutiwa ukutani pamoja na chokaa huwa si sanaa tena. Huwa ni pambo. Neno hilo hulitamka kwa mdomo uliopinda, kama mtu aliyeonja shubiri. Hao ndio ninaotaka kuwajibu leo, na shahidi wangu ni bibi mmoja wa Kiajemi, hayati Monir Shahroudy Farmanfarmaian.

Bibi huyu alizaliwa Qazvin. Azma yake ilikuwa kwenda Paris kujifunza uchoraji, lakini Vita Vikuu vya Pili vilimfungia njia, akaangukia New York. Huko alisoma, kisha akawa mchoraji wa matangazo katika duka la nguo la Bonwit Teller, ambako mmoja wa wenziwe alikuwa Andy Warhol, wakati huo kijana asiyejulikana. Maua aliyoyachora Monir yalipigwa chapa kwenye mifuko ya duka hilo. Basi hata mkate wake ugenini aliupata kwa hilo hilo pambo linalodharauliwa.

Mwaka 1957 alirejea Iran. Alipozuru Shah Cheragh, kaburi tukufu lililoko Shiraz, alikuta kuta na kuba zimefunikwa vipande vya vioo kwa maelfu, kila taa imekuwa taa mia, na watu wanaingia na kutoka ndani ya nuru hiyo wakilia na kuomba. Sisi tuliokaa chuoni na kuhifadhi Aya ya Nuru hatuhitaji kuelezwa kwa nini bibi yule alishindwa kuondoka upesi.

Ufundi huo Waajemi huuita aina-kari. Kioo hukatwa vipande vidogo vidogo, vikapandikizwa juu ya plasta kwa hesabu kali ya pembe tatu, nne, tano, sita. Pembe sita ndiyo Monir aliyoipenda kuliko zote. Lakini yeye hakuunakili ufundi ule kama ulivyo. Alichanganya hesabu ya mafundi wa misikiti na yale aliyoyaona kwa wachoraji wa New York, akatoa kazi ambayo ukisimama mbele yake unajiona umevunjika vipande hamsini, na ukisogea hatua moja picha yote imegeuka. Nionyesheni mchoro wa fremu unaoweza hayo!

Mwaka 1979 mapinduzi yalimkuta New York, na huko akabaki. Kazi zake nyingi na vitu vya kale alivyokusanya vilitaifishwa. Na hapa ndipo wanaodharau mafundi wanapopaswa kutega sikio. Ugenini mikono ya kukata kioo kama alivyotaka haikupatikana, hivyo kwa miaka mingi alichora kwenye karatasi na kutengeneza visanduku vya kumbukumbu. Aliporudi Tehran kukaa, mwaka 2004, ndipo vile vioo vikubwa viliporejea. Makumbusho ya Guggenheim ya New York yalimfanyia maonyesho mwaka 2015, umri wake umepita miaka 90. Tehran ikamfungulia makumbusho yake mwenyewe mwaka 2017, chini ya miaka miwili kabla hajafariki. Heshima ilikuja, waama, lakini ilikuja kwa mkongojo.

Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba hakumficha fundi wake. Hajji Ostad Mohammad Navid, bingwa wa kukata vioo, alitajwa na Monir kwa jina lake kamili pamoja na cheo chake cha ustadhi.

Nasi huku pwani tunajigamba kwa Ushirazi, na neno dirisha tumelipokea kutoka kwa Waajemi hao hao. Tuna zidaka za Lamu katika nyumba za mawe za karne ya 18, safu juu ya safu, zilizochongwa katika chokaa na kupangwa sahani za kaure ili zimeremete penye giza la ndani. Wageni huja, hupiga picha, huuliza jina la mwenye nyumba na bei ya sahani. Jina la aliyechonga hawaliulizi, na sisi wenyeji hatuwatajii.