Nyumba Zetu: Sakafu ya Darini

Wiki hii twapanda ngazi. Wengi wetu tuliozaliwa au kuolewa katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa tumelala juu ya mbao, na ni wachache waliowahi kuinama kuzitazama. Majumba ya mawe ya Lamu yana desturi yake: boriti za mikoko hupangwa kwa karibu, juu yake matumbawe na chokaa, na kwa kuwa boriti haizidi sana mita 3, vyumba vyake vikawa vyembamba na virefu. Mombasa, baadhi ya nyumba zenye roshani zilizojengwa mwisho wa karne ya 19 ziliwekwa mbao nene darini, na ni hizo tunazozizungumzia.

Tuna sababu. Miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba ya nyanya yetu, ami alitaka chumba cha juu king'ae kabla ya harusi ya bintiye. Fundi akaitwa, akamwaga saruji juu ya mbao, akapanga vigae. Sisi wanawake tulifurahi, wala hatufichi, kwani kigae hufutika upesi. Masika ya pili hayajaisha, vigae vikapasuka kwa mstari mmoja kutoka dirishani hadi mlangoni, na chini ukumbini unga wa mbao ukawa unadondoka juu ya mkeka ambao watoto hulala mchana. Vilipofunuliwa, mbao zilikuwa nyeusi kwa unyevu, na mihimili miwili imeoza pale inapoingia ukutani.

Mbao katika hewa yetu ya bahari huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua la kaskazi. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani. Mbao zilizofunikwa hivyo hubaki zimeloa, na juu yake kumeongezwa uzito ambao mihimili haikukusudiwa kuubeba.

Kwa hivyo, kabla ya kununua hata msumari mmoja, kaguweni. Chukueni bisibisi mjaribu ncha za mihimili ukutani, chini ya madirisha na karibu na chumba cha kuogea, maana huko ndiko maji hupita. Ikizama kama katika mkate, hapo pameoza. Gongeni pia ubao kwa kifundo cha kidole: wenye mchwa ndani hutoa sauti ya utupu. Mhimili uliooza ni kazi ya fundi anayezijua nyumba za kale, si ya seremala wa makabati, na chumba kisikaliwe hadi autazame. Mbao zenyewe mara nyingi ni nzima kuliko zinavyoonekana. Kwetu, zilizobidi kutupwa zilikuwa kando ya dirisha tu.

Ubao wa kujazia utafutwe kwanza katika nyumba zinazobomolewa, kwani umekwisha kukauka kwa miaka mingi. Ukikosekana, mvule au mbambakofi hustahimili mchwa, ingawa bei yake huumiza. Msonobari na mbao nyingine nyepesi ni rahisi, lakini bila dawa mchwa huzila upesi. Chagueni mbao za moyo wa mti. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ndiyo huliwa kwanza. Kisha mbao zilale ndani ya chumba chenyewe wiki mbili tatu kabla ya kupigiliwa, zizoee hewa yake, na misumari iwe isiyoshika kutu.

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Rangi ya zamani huenda ina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Isipigwe msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe ikwanguliwe, na wadogo wapelekwe kwa jamaa hadi kazi iishe. Mashine ya msasa nayo hula unene wa ubao kila inapopita, basi penye ubao mwembamba tumieni mkono, mkifuata nyuzi za mti. Sisi tulipaka mafuta ya kitani badala ya vanishi: vanishi hubanduka penye jua la dirisha na hudai kukwanguliwa sakafu nzima, ilhali mafuta hupakwa tena pale palipochakaa tu. Lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Yatandazeni nje yakauke, au yatieni ndani ya ndoo ya maji.

Na deki? Tunajua mazoea yetu ya kumwaga ndoo nzima na kusukuma kwa ufagio. Mbao haziyataki. Fagieni, kisha mfute kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa. Penye najisi osheni pale pale kwa maji na mkaushe papo hapo.

Sakafu ya nyanya sasa ina mbao sita mpya za mvule, nyeupe kidogo kuliko wenzake. Ami alitaka zitiwe rangi zilingane; tukakataa. Upande wa dirishani zimeanza kukolea zenyewe.