Tiketi ya bato: mapema ao siku ya safari?

Noeli inakaribia, na wengi wetu tutavuka Ziwa Kivu pamoja na watoto, toka Bukavu mpaka Goma. Anayekata tiketi mapema anachagua bato na siku, na ana wakati wa kuhakikisha jina la kila mtoto limeandikwa kwenye orodha. Anayengoja bandarini anaingia penye anapata, hata bato ikijaa. Tusisahau tarehe 3/10/2024: bato Merdi, yenye kutoka Minova, ilizama karibu na Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Basi tuanze likelemba ya safari sasa. Lakini tiketi si kamba shingoni: ukiona bato imejaa sana, ao jile za kuokoa hazitoshi, rudi nyumbani. Feza inatafutwa tena, mtoto hapana.