Chenso nyepesi si lazima ndiyo inayofaa shambani

Kila kiangazi kinapoingia, wakulima wengi huigeukia kazi ya miti. Wapo wanaovuna misindano na milingoti waliyoipanda Mufindi, Njombe na Kilolo. Wapo wanaopunguza matawi ya migrevilea iliyozidisha kivuli kwenye kahawa, Kilimanjaro na Arusha. Wapo pia wenye miembe na miparachichi iliyorefuka hadi matunda hayafikiki. Kazi hizo, ambazo zamani zilifanywa kwa shoka na msumeno wa watu wawili, sasa hufanywa kwa msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chenso.

Mkulima anayeamua kununua chenso yake hukutana na aina mbili dukani. Ya kwanza ina mpini nyuma ya injini, na mkono mwingine hushika chuma kilichopinda mbele. Ya pili ni ndogo, na mpini wake umekaa juu ya injini. Hii ya pili huvutia macho haraka. Ni nyepesi, haichukui nafasi, na mtu akiishika huhisi kwamba hata kijana wa nyumbani anaweza kuitumia bila kuchoka. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia, kwa sababu wepesi huo haukuwekwa kwa ajili ya mtu anayesimama chini.

Chenso ya mpini wa juu ilitengenezwa kwa ajili ya mtaalamu aliyepanda mti, aliyejifunga kamba na mkanda, anayekata matawi karibu na kifua chake mahali ambapo msumeno mrefu haugeuki. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11681 kimezitenganisha aina hizi katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inahusu chenso za kazi za msituni, na ya pili inahusu chenso za kuhudumia miti, ambazo uzito wake hautakiwi kuzidi kilo 4.3 bila bapa, mnyororo na mafuta. Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji navyo husema wazi kwamba chenso ya mpini wa juu ni ya watu waliofunzwa kazi ya kupanda na kuhudumia miti. Nchini Uingereza, mwongozo wa usalama wa kazi hizo unataka itumike juu ya mti tu, si chini.

Sababu ya tahadhari hiyo inaeleweka kwa kuangalia mikono. Kwenye chenso ya mpini wa nyuma, mkono wa kulia huwa nyuma ya injini na wa kushoto mbele, na nafasi kati yake ni kubwa. Nafasi hiyo humpa mkataji nguvu ya kuuzuia msumeno unapotaka kuruka. Kwenye chenso ya mpini wa juu, mikono hukaribiana sana, hivyo nguvu ya kuuzuia hupungua. Tena, kwa kuwa ni nyepesi na mpini uko katikati, mtumiaji hushawishika kuishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika tawi.

Hatari yenyewe ni teke la msumeno. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa tawi au gogo wakati mnyororo unazunguka, msumeno huruka juu na kurudi upande wa mkataji, usoni, shingoni au begani. Tukio hilo humalizika kabla mtu hajapata nafasi hata ya kufikiri. Mnyororo wa chenso nyingi ukiwa kwenye mwendo wa juu hukimbia mita 20 hivi kwa sekunde, mwendo unaozidi kilomita 70 kwa saa. Ndiyo maana chenso nzuri huwa na breki ya mnyororo, inayofunga pale kinga ya mbele inaposukumwa na mkono au msumeno unaporuka ghafla. Hata hivyo, breki hiyo ni msaada tu. Haiwezi kuziba pengo la mkono wa pili ambao haupo mahali pake.

Kwa mkulima wa kawaida, basi, jibu si gumu. Kazi yake nyingi iko chini: kuangusha mti, kukata matawi ya mti ulioanguka, kugawa gogo, kutayarisha kuni na nguzo. Kazi zote hizo ni za chenso ya mpini wa nyuma. Mpini huo hata umepanuliwa chini yake ili kuukinga mkono wa kulia endapo mnyororo utakatika.

Baada ya kuamua aina ya mpini, ndipo ukubwa ufuate. Kwa kupunguza matawi, kuni na miti midogo, injini ya sentimita za ujazo 35 hadi 40 yenye bapa la inchi 14 au 16 inatosha, na uzito wake haumtesi mtu. Kwa mwenye shamba la misindano au milingoti ya kuvunwa, injini ya sentimita za ujazo 50 hadi 60 ni ya kufaa zaidi. Zile kubwa zinazozidi sentimita za ujazo 100, ambazo mafundi huzitumia kupasulia mbao, zina uzito wa kilo 10 na zaidi, hazifai kupogolea wala kuwapa vijana wasiozizoea. Kununua nguvu isiyohitajika ni kununua uchovu, na uchovu ni ndugu wa ajali.

Swali linalobaki ni la matawi ya juu. Hapa wengi husema kwamba chenso ndogo ya mpini wa juu ndiyo suluhisho, kwa kuwa mtu anapanda ngazi nayo. Ngazi na chenso havipatani. Tawi linapokatika, mti hutikisika, ngazi huteleza, na aliyeshika chenso hana mkono wa kujishikia. Kwa matawi membamba ya mparachichi, mwembe au mgrevilea, msumeno wa mkono wa kupogolea uliofungwa kwenye mti mrefu hufanya kazi hiyo mkataji akiwa amesimama chini. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na chenso yoyote. Kupogoa mapema, mti ukiwa bado mfupi, nako huondoa kabisa haja ya kupanda.

Yapo matawi ambayo hayawezi kufikiwa hivyo, hasa ya miti mikubwa iliyoinamia paa au ghala. Hiyo ni kazi ya kumlipa mtaalamu, na hapo chenso ya mpini wa juu ina heshima yake. Mwenye shamba anaweza kumpima mtaalamu huyo kwa mambo machache. Je, anapanda kwa kamba na mkanda wa kupandia? Anapokata, amejifunga sehemu mbili, ili msumeno ukigusa kamba moja abaki ameshikwa na nyingine? Anashika chenso kwa mikono miwili? Ana msaidizi chini anayezuia watu wasipite? Anayejibu maswali hayo kwa kucheka hafai kupewa kazi, hata kama bei yake ni nusu. Na mti ukiwa umegusana na nyaya za umeme, asipande mtu yeyote kabla shirika la umeme halijaarifiwa na kukata umeme.

Yupo atakayesema kwamba amemwona fundi akikata kwa mkono mmoja miaka yote na hajaumia. Inawezekana. Lakini aliyejeruhiwa bega au mkono hana tena biashara ya kukata miti, na familia yake hubeba hasara hiyo shambani. Aidha, mwenye shamba anayemwajiri kijana kwa kazi hii asidhani hasara ni ya kijana peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwa chenso, vifaa hivyo ni kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, glavu, buti imara, na suruali maalumu yenye nyuzi zinazousimamisha mnyororo. Gharama yake iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kununua msumeno, pamoja na tupa ya kunolea, mnyororo wa akiba, na oili ya kuchanganya na petroli. Chenso nyingi za sasa huhitaji sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, lakini kitabu cha maelekezo ndicho kifuatwe.

Wenye maduka nao wana sehemu yao. Muuzaji anayemuuliza mteja, "Utakatia wapi, juu au chini?" kabla ya kutaja bei, atauza chenso inayofaa na kumbakisha mteja. Anayeuza chenso ya mpini wa juu kwa kila aliyependa wepesi wake, anapata faida ya siku moja. Ni hivyo hivyo kwa misumeno ya betri inayoingia madukani. Kelele zake ni ndogo na haina moshi, lakini mnyororo wake hukata nyama kama wa petroli, na hoja ya mpini haibadiliki.

Mafunzo pia yapo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Chuo cha Misitu Olmotonyi mkoani Arusha na Chuo cha Viwanda vya Misitu mjini Moshi vimefundisha watu kazi za misitu na mbao kwa miaka mingi. Vyama vya ushirika na vikundi vya wapanda miti vinaweza kuchangishana, kumwalika mkufunzi kwa siku chache, na kuwafunza vijana wachache watakaohudumia kijiji kizima. Kikundi chenye chenso mbili za mpini wa nyuma, vifaa kamili vya kujikinga na vijana wawili waliofunzwa, kitawafaa wanachama wake kuliko kila kaya kununua kimsumeno chepesi na kukiacha mikononi mwa yeyote. Msimu wa kukata miti ni mfupi, na mkono uliokatika haupogolewi ukachipua.