Mkimbiaji wa Kike Hashindani na Saa Pekee

Septemba 24, 2023, jijini Berlin, Magdalena Shauri alimaliza mbio za marathoni akiwa wa tatu kwa saa 2:18:41, muda ambao hakuna mwanamke wa Tanzania aliyekuwa ameufikia. Taarifa za siku ile zilihesabu dakika na sekunde. Ni nadra kwa taarifa za michezo kuhesabu mambo yanayouamua muda wa mkimbiaji wa kike kabla hajafika kwenye mstari wa kuanzia: chakula chake, hedhi yake, uzazi wake, na nani anayeshika fedha zake.

Mwanariadha asipokula kwa kiasi kinacholingana na nguvu anazotumia mazoezini, mwili hubana matumizi. Hedhi hukoma, kisha mifupa hupoteza uimara na kupata nyufa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hiyo mwaka 2014 kuwa tatizo la kiafya, lakini bado wapo wanaoichukulia hedhi iliyokoma kuwa dalili ya mazoezi kukolea. Mwanariadha naye, kwa haya, hunyamaza mbele ya kocha ambaye mara nyingi ni mwanamume.

Katika uzazi, ulinzi hutegemea mkataba. Kanuni za FIFA zilizoanza kutumika Januari 2021 zinampa mwanasoka wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 yenye malipo, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa nchini siku 84. Mkimbiaji anayeishi kwa zawadi za mbio hana mwajiri wa kumdai haki hiyo. Wenzake walioajiriwa na majeshi wana nafuu. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018 na kutwaa dhahabu ya mita 1,500 jijini Tokyo mwaka 2021, akiwa na timu na mdhamini nyuma yake.

Shinikizo zito zaidi, hata hivyo, ndilo lisilosemwa sana, nalo hutoka nyumbani. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, Kenya, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda alifariki dunia mjini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mwenza wake, wiki chache baada ya kushiriki marathoni ya Olimpiki ya Paris. Kabla ya shambulio hilo palikuwa na mgogoro wa ardhi. Mkimbiaji anayelala na hofu ya namna hiyo, au anayejua kuwa zawadi yake itaishia katika akaunti ya mtu mwingine, hawezi kupumzika, na bila mapumziko hakuna mazoezi yanayozaa kasi.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali. Madawati ya Jinsia na Watoto ya Jeshi la Polisi nayo hupokea malalamiko ya ukatili. Tatizo ni umbali kati ya haki hizo na kambi ya mazoezi.

Kwa msichana wa Nambilanje, kata ya wakulima wilayani Ruangwa, njia huanzia UMITASHUMTA: shule, kata, wilaya, mkoa, hatimaye taifa. Kila ngazi ina mtu wa kupima muda wake. Panapohitajika nguvu zaidi ni kwa mwalimu wa kike wa kuongozana na timu, anayeweza kuulizwa kuhusu hedhi bila aibu, na afisa michezo atakayemsomea binti mkataba wake wa kwanza kwa Kiswahili na kuhakikisha kuwa, akitimiza miaka 18, akaunti inayopokea zawadi inabeba jina lake mwenyewe.